Fundi Fremu Anajibu: Dirisha Limekalia Uso wa Baba

Barua za mwezi huu karibu zote zinalalamikia kioo kinachorudisha mwanga hadi picha haionekani. Nimechagua tano. Ya Tanga nimeitangulizia kwa sababu imenigusa, na ndiyo yenye mambo mengi.

Shikamoo Bi Fundi. Baba yetu alipofariki tulichapisha picha yake, sentimita 45 kwa 60, amevaa suti nyeusi. Tumeitundika sebuleni, ukuta unaotazamana na dirisha. Kuanzia asubuhi hadi alasiri ukikaa kwenye kochi unaona dirisha, pazia na mwembe wa jirani. Uso wa baba tunauona jioni tu. Fundi mmoja hapa mjini anasema tuweke kioo cha ukungu. Mwingine anasema kipo kioo cha kuagiza Dar kisichorudisha mwanga, lakini bei yake imetushtua. Tufuate lipi? (Binti wa marehemu, Tanga)

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mmefanya jema kumweka baba sebuleni, na haifai aonekane jioni tu. Nitajibu kwa kirefu, na wengine walioniandikia kuhusu jambo hili wasome hapahapa.

Kioo cha kawaida, kile cha dirishani tunachokikata kwa almasi na kukitia kwenye fremu, kina nyuso mbili, ya mbele na ya nyuma. Kila uso unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaoufikia, kwa hiyo jumla ni karibu asilimia 8. Ukisikia 8 unaona ni kidogo. Lakini fikiria dirisha la Tanga saa nne asubuhi lina mwanga kiasi gani ukililinganisha na ukuta wa ndani, halafu kumbuka kwamba suti nyeusi ya baba yenyewe inarudisha mwanga haba sana. Hiyo 8 ya dirisha inaizidi suti nguvu, nanyi mnabaki kuona pazia. Picha ya bibi harusi mwenye shela jeupe ikitundikwa palepale isingewasumbua hivyo, maana weupe wake una mwanga wa kutosha kushindana na dirisha. Picha zenye giza ndizo zinazoumia.

Kabla hamjatoa hata shilingi, ishusheni picha. Mmoja wenu akae kochini mnapokaa siku zote, mwingine achukue kioo cha kujitazamia, kile cha chumbani, akishike bapa ukutani palepale picha ilipokuwa. Aliyekaa aseme anaona nini. Atakachokitaja ndicho ambacho kioo cha fremu kitamwonyesha kila siku, ila kwa uhafifu. Akiona dirisha, hamisheni kile kioo ukuta hadi ukuta, mpaka apate mahali anapoona ukuta mtupu, au kabati, au mlango wa ndani. Mara nyingi ni ukuta ulio ubavuni mwa dirisha. Wateja wangu wengi nimewapa kazi hii kabla ya kuwakatia kioo chochote, na wapo waliomaliza shida yao kwa kuhamisha msumari tu.

Pengine ukuta ule ndio wa heshima nyumbani kwenu na baba lazima abaki hapo. Basi inamisheni fremu. Wazee wetu walitundika picha kwa kamba, sehemu ya juu ikiinamia mbele, na siku hizi watu wanauona huo ni ushamba. Si ushamba hata kidogo. Ukiinamisha fremu digrii 5, unachokiona ndani ya kioo kinashuka digrii 10. Kwa picha yenu yenye urefu wa sentimita 60, hiyo ni kuitoa sehemu ya juu kama sentimita 5 kutoka ukutani. Kwenye sebule ya mita 4, macho yenu yatapelekwa chini kiasi cha sentimita 70 kwenye ukuta wa pili, mkaona kilicho chini ya dirisha, mgongo wa kiti au ukuta wenyewe. Lakini kama picha iko juu sana, karibu na dari, kuinamisha kunaweza kulileta dirisha badala ya kuliondoa, kwa kuwa ikiwa wima inawaonyesha dari. Tumieni tena kile kioo cha kujitazamia, kiamue chenyewe.

Sasa vioo. Kioo cha ukungu kimechubuliwa kwa asidi, upande mmoja au pande zote mbili. Hakipunguzi mwanga unaorudi, kinautawanya tu. Dirisha halionekani tena umbo lake, linakuwa weupe uliosambaa juu ya picha nzima, na weusi wa suti unageuka kijivu. Tena hakipendi kukaa mbali na picha. Mkifika dukani ombeni kipande mkilaze juu ya gazeti: maandishi yatasomeka bila taabu. Kiinueni kwa unene wa kidole. Herufi zinavimba kingo, zinaanza kugusana, na mkizidi kuinua mstari mzima unakuwa doa. Picha iliyowekwa vizuri haigusi kioo. Ina maunti, ile kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, hivyo kioo kinakaa milimita kadhaa mbele ya uso wa baba, na mikunjo ya macho ndiyo ya kwanza kupotea. Kwa cheti cha shule au kalenda sina ugomvi na kioo cha ukungu. Kwa uso wa mzazi, mimi sikiweki.

Cha kuagiza ni kitu kingine kabisa. Kioo hicho kimepakwa matabaka membamba mno ya oksidi za metali, kwa kilicho bora pande zote mbili. Unene wa tabaka hupangwa kwa kufuata wimbi la mwanga, kwenye robo ya wimbi, kama nanomita 100. Mwanga unaorudi kutoka juu ya tabaka na ule unaorudi kutoka chini yake hukutana mawimbi yakiwa yamepishana, yakafutana. Na mwanga ambao haukurudi unapita kwenda kwenye picha, kwa hiyo picha yenyewe inang'aa zaidi. Si uchawi wala si jambo la jana. Mwaka 1938 Katharine Blodgett, mwanasayansi wa kampuni ya General Electric kule Schenectady, Marekani, alitengeneza kioo cha namna hii kwa kukivisha matabaka 44 ya utando wa aina ya sabuni. Kilifanya kazi, ila utando wake ulikuwa laini, ukifutwa unatoka. Vya leo ni vigumu zaidi, na vilivyo bora hurudisha chini ya asilimia 1 kwa nyuso zote mbili kwa pamoja. Kutoka 8 hadi chini ya 1! Ndiyo maana majumba ya makumbusho yanavitumia.

Msitegemee kwamba dirisha litatoweka lote. Mkiitazama picha kutoka pembeni kabisa bado mtaona mwanga kidogo, wenye rangi ya zambarau au kijani, kama ule mnaouona kwenye miwani ya kuzuia mng'ao. Lakini mkikaa mbele yake mtamwona baba, na hata kola ya suti mtaitofautisha na bega.

Kwa hiyo mwanangu, anzeni na msumari, kisha kamba. Yakishindikana hayo, changeni mnunue kioo cha kuagiza. Picha yenu ni kama robo tu ya mita ya mraba, na kioo huuzwa kwa eneo. Bei ni mara kadhaa ya kioo cha kawaida, sitawaficha. Hela ya kioo cha ukungu, hata iwe ndogo, msiitoe kwa picha hii.

Bi Fundi, mimi ni kijana fundi wa vioo na alminiamu, niko Mwanza. Mteja ameleta picha anataka isirudishe mwanga. Kioo cha kuagiza hana uwezo nacho. Nikibandika tinti ya gari juu ya kioo cha kawaida si itasaidia?

Usibandike, mwanangu, utamharibia. Hesabu hivi. Picha haina taa ndani, inaonekana kwa mwanga unaoingia kupitia kioo, ukaigusa, ukatoka tena kupitia kioo kilekile. Tinti inayopitisha nusu ya mwanga itakata mara mbili: nusu wakati wa kuingia, na nusu ya iliyobaki wakati wa kutoka. Mteja anabakiwa na robo ya picha yake. Wakati huohuo uso wa mbele wa tinti unaendelea kurudisha dirisha kama kioo kilivyokuwa kikilirudisha. Umefifisha picha, dirisha umeliacha na nguvu zake. Gari linahitaji hivyo ili waliomo ndani wasionekane, picha inahitaji kinyume chake.

Mfundishe ile kazi ya kioo cha kujitazamia niliyowaeleza watu wa Tanga. Haimgharimu kitu, na ukimsaidia bila kumuuzia atarudi kwako na fremu nyingine.

Nimenunua mchoro wa Tingatinga wa chui na ndege, umepakwa kwenye hadibodi, rangi zinang'aa sana. Taa ya sebuleni inaumulika usiku. Nataka kuuwekea kioo kisichorudisha mwanga. Ukubwa gani wa unene unafaa? (Mwalimu, Dodoma)

Hakuna unene unaofaa, mwalimu, kwa sababu mchoro huo haufai kuwekewa kioo.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya mbao nyembamba za dari. Alifariki mwaka 1972, na waliojifunza kwake wakaendelea na rangi ya namna ile hadi leo, pale Morogoro Stores, Oysterbay, na kwingineko. Mng'ao huo ni sehemu ya kazi yenyewe. Rangi ikikauka inakuwa ganda gumu linalojilinda, unalipangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu na basi. Ukiweka kioo mbele, hata kile bora kabisa, hujaondoa mng'ao wa rangi iliyo nyuma yake, umeongeza nyuso mbili tu. Tena kama mchoro ni mpya na rangi haijakauka vizuri ndani, kioo kikiugusa vitashikana, na siku ya kuvitenganisha chui atabaki nusu kwenye mbao na nusu kwenye kioo. Ngozi ya chui ikishabanduka hakuna fundi wa kuirudisha.

Tatizo lako ni taa. Kama ni balbu moja katikati ya dari, sogeza mchoro ukutani kushoto au kulia mpaka ukikaa mahali pako usiione balbu ndani ya rangi, au ivishe balbu kivuli. Wachoraji wengi sasa wanachora kwenye turubai, na jibu langu kwa hizo ni lilelile. Fremu ya mbao yenye kina, isiyo na kioo, inatosha.

Assalaam alaykum Bi Fundi. Bibi yangu ameniachia khanga aliyoolewa nayo. Nataka kuiweka kwenye fremu ukumbini, ambako jua la asubuhi linaingia. Nimeambiwa nikitia kioo kisichorudisha mwanga, jua halitaichujisha rangi. Ni kweli? (Mjukuu, Unguja)

Waalaykum salaam, mpenzi. Aliyekwambia amechanganya mambo mawili, na watu wengi wanayachanganya, wauzaji wakiwemo.

Kuzuia mwanga usirudi ni kazi moja. Kuzuia miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ni kazi nyingine. Kipo kioo kinachofanya yote mawili na kipo kinachofanya moja tu. Ukienda dukani uliza asilimia: kuna vinavyozuia asilimia 70 ya miale hiyo, kuna 92, kuna 99. Muuzaji asipoweza kukujibu kwa namba, chukulia kwamba kinaongeza kidogo tu juu ya kioo cha dirisha. Na zaidi ya hapo, hata kile cha 99 hakiiokoi khanga yako na jua la asubuhi, kwa sababu mwanga wa kawaida tunaoonea nao pia unachujisha rangi. Unachujisha polepole, lakini unachokichukua hakirudi. Makumbusho huweka nguo na michoro ya karatasi kwenye mwanga wa lux 50, hafifu hivi kwamba ukiingia unasubiri macho yazoee kwanza. Kioo kisichorudisha mwanga kinafaa sana mahali kama hapo, kwa kuwa kwenye mwanga mdogo hata taa ya mlango wa kutokea inaonekana ndani ya kioo cha kawaida.

Naomba usiiweke ukumbini. Iweke kwenye ukuta wa ndani, ushoroba au chumba ambacho jua haliingii moja kwa moja. Najua ukumbini ndiko wageni watakakoiona. Lakini khanga ya arusi ya bibi ni moja, haitachapwa tena, na ukiipa miaka michache ya jua la asubuhi wekundu wake utakuwa wa waridi.

Kuhusu kuitia kwenye fremu. Khanga nzima ni kama sentimita 150 kwa 110. Kioo cha milimita 3 kwa ukubwa huo kina uzito wa zaidi ya kilo 12 kabla hujapima mbao, na kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe hazishiki kila msumari. Plastiki ngumu ya akriliki ya unene huohuo haifiki kilo 6, na haivunjiki ikamwagika juu ya kitambaa. Ila akriliki ya kawaida inarudisha mwanga sawa na kioo, inakwaruzika, na ukiifuta inavuta nyuzi na vumbi. Ipo akriliki iliyopakwa dhidi ya yote hayo, bei yake ni kubwa kuliko kioo chenyewe.

Mimi ningeikunja. Onyesha pindo la chini, jina, na sehemu ya mji juu yake, zilizobaki zilale nyuma. Kwenye mkunjo tia bomba la kitambaa safi cha pamba ili usije ukawa mkato. Ishone kwa uzi wa pamba, mishono mirefu iliyolegea, juu ya kitambaa cha pamba kilichofuliwa kikatolewa dawa ya kiwandani. Gundi usiikaribishe, wala pini za chuma. Hewa yetu ya chumvi inazitia kutu na kutu inakula kitambaa. Kati ya khanga na kioo acha nafasi ya sentimita moja na zaidi, kwa kijiti cha mbao kilichofichwa kwenye fremu, ili unyevu ukiingia kitambaa kisishikane na kioo. Kwa ukubwa huo mdogo kioo cha makumbusho cha 99 utaweza kukimudu, na jina la khanga litasomeka kutoka upande wowote wa chumba.

Kabla ya yote ipige picha, mbele na nyuma, ikiwa imetandazwa.

Bi Fundi, hodi. Niko Maskati. Nina picha ya babu, nyeusi na nyeupe, ilipigwa Zanzibar zamani, imeshikana na kioo cha fremu yake. Nataka kuitoa niitie kioo kipya. Duka la hapa limenionyesha vioo vitatu na vyote wanasema havirudishi mwanga. Nitavijuaje?

Karibu ndugu yangu. Usiitoe. Uso wa picha hizo ni jelatini. Kwenye unyevu wa pwani inalainika ikagusa kioo, na ikikauka inakishika. Ukivuta, uso wa babu unabaki kwenye kioo. Iache kama ilivyo, na uipige picha au kuiskani ikiwa palepale ndani ya kioo chake. Ukiipiga kwa kamera, weka taa mbili pembeni, kila moja kwa digrii 45, zima nyingine zote, na utundike kitambaa cheusi nyuma yako ili usijione ndani. Chapisha nakala. Nakala ndiyo itakayopata kioo kipya na maunti ya kuitenga nacho. Ile asili funga kwenye karatasi isiyo na asidi, ilaze kavu, kwenye kabati la ndani.

Vioo vitatu vijaribu kwa tochi ya simu. Vilaze juu ya kitambaa cheusi, washa tochi juu yake kwa pembeni kidogo, kisha tazama nukta za mwanga. Kioo cha kawaida kitakuonyesha nukta mbili nyeupe kali, zikikaribiana, moja ya uso wa mbele na moja ya nyuma. Kilichopakwa pande zote mbili kitakuonyesha nukta mbili hafifu, za zambarau, samawati au kijani. Ukiona moja nyeupe na moja ya rangi, kimepakwa upande mmoja tu; usikilipie bei ya pande mbili. Ukiona weupe uliotapakaa bila nukta, hicho ni cha ukungu. Weka pia kipande kifunike nusu ya kitambaa cheusi na nusu ibaki wazi. Kilicho bora, weusi wa nusu zote mbili unakaribia kuwa mmoja, unakitambua kioo kwa ukingo wake tu.

Ukishanunua, ujue kwamba alama za vidole kwenye kioo hiki zinaonekana kuliko kwenye kioo cha kawaida, maana mafuta ya mkono yanalivuruga lile tabaka na mwanga unarudi pale. Mkatalie anayetaka kukusafishia kwa dawa ya madirisha yenye amonia au kwa gazeti. Tumia kitambaa laini cha miwani. Dawa ya kusafishia miwani inyunyize kwenye kitambaa, usiinyunyize kwenye kioo, isije ikateremka ikaingia ndani ya fremu. Baadhi ya vioo vya kuzuia urujuanimno vina upande wenye dawa ambao lazima utazame ndani, na huo unachubuka kirahisi sana. Mwambie fundi akuonyeshe upande upi kabla hajafunga, asiufute, kisha aandike aina ya kioo kwa penseli mgongoni mwa fremu, kwa ajili ya fundi atakayeifungua baada yake.